Mdomo Ulisema Kijani

Mgeni alibisha hodi alasiri, dereva akiwa amevua viatu na kunyoosha miguu juu ya kigoda, mkewe akiwa kwenye cherehani anashona sare za shule. Alikuwa mtu mwembamba, vumbi limempanda hadi kwenye nyusi, na baiskeli yake aliiegemeza ukutani kwa uangalifu kama anayemlaza mtoto. Dereva hakuwahi kumwona popote. Lakini mtu yule alipofungua kinywa kusalimia, dereva alijikuta amesimama. Sura hakuijua, sauti aliijua vizuri. Kwa miaka mingi ilikuwa ikimjia kupitia redio ya treni, ikimwambia apite, ikimwambia asubiri, ikimtakia safari njema.

Alikuwa stesheni masta wa ile stesheni ndogo ya konani, mahali ambapo treni ya abiria mara nyingi hupita bila kusimama. Walishikana mikono wakacheka. Dereva alisema siku zote alidhani mwenye sauti ile ni mtu mnene. Stesheni masta alisema yeye alidhani dereva ni mrefu, kumbe ni kile kiti cha treni kinachombeba. Mke wa dereva alileta maji, akasema kumbe redio nazo zina miguu, akarudi kwenye cherehani yake.

Mgeni aliyanywa maji yote, akaweka bilauri chini, kisha akaomba wazungumze nje.

Walisimama nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya nguo. Stesheni masta alianza mbali. Aliuliza habari za kazi, za watoto, za usingizi. Dereva akamwambia aseme alichokuja kusema, maana mtu haendeshi baiskeli kwenye jua kali namna hii ili kuulizia usingizi wa mwenzake.

"Juzi, ukiwa safari ya kurudi, nilikuwekea taa nyekundu," mgeni alisema. "Mafundi wa njia walikuwa bado hawajaondoa vifaa vyao. Ukaniita redioni kama kawaida, ukasema umeona kijani. Nikachungulia dirishani nikaona taa ni nyekundu, kama nilivyoiwasha. Nikashika redio nikupigie kelele, lakini kabla sijabonyeza, treni ikaanza kupunguza mwendo. Ukasimama pale pale panapotakiwa, vizuri kabisa. Sasa tangu siku hiyo najiuliza, huyu ndugu yangu macho yake yaliona nini, na mdomo wake ulikuwa unamwambia nani?"

Dereva alitaka kucheka. Alitaka kusema ulimi hauna mfupa, hakuna asiyeteleza. Lakini alikuwa anaikumbuka safari ile. Aliiona taa, na aliijua kuwa ni nyekundu. Mkono wake ulikwenda kwenye breki bila kuulizwa. Na alikumbuka kuwa alisema nyekundu. Angeapa kwamba alisema nyekundu.

"Shemeji yangu alikuwa pembeni yangu," alisema. "Nikisema, yeye hurudia. Muulize."

"Nilimsikia. Alirudia kijani."

Hapo ndipo baridi ilipompanda dereva mgongoni, juani.

Reli yao ilikuwa na kanuni iliyowatangulia wote wawili kazini. Kwenye kichwa cha treni hukaa watu wawili. Anayeiona ishara kwanza huitaja kwa sauti. Mwenzake huitazama naye, kwa macho yake mwenyewe, kisha huitaja tena. Rangi isipotajwa na midomo miwili, treni haiendelei. Lakini shemeji yake, kitindamimba wa familia ya mkewe, alikuwa amekaa naye kwenye kichwa kile muda mrefu mno. Alimwamini kupita kiasi. Dereva akisema kijani, shemeji alijibu kijani huku anamenya chungwa, kama mtu anavyoitikia dua aliyoizoea tangu utoto. Kwa hiyo juzi midomo yote miwili ilisema kijani mbele ya taa nyekundu. Treni nzima, na watu wake wote na mizigo yao na watoto wao waliolala, ilisimamishwa na mkono mmoja tu uliokataa kusikiliza.

Stesheni masta alisema hakuwa ameandika kitu. Kwa kanuni alipaswa kuandika, lakini treni ilisimama, na hakujua angeandika kwamba kumetokea nini. Alimwomba tu aende akaonwe.

"Mimi si daktari," alisema, akiishika baiskeli yake. "Ila baba yangu mdogo alianza hivyo hivyo. Alikuwa anamwita mbuzi ng'ombe, sisi tukawa tunamcheka."

Hakuimalizia habari ya baba yake mdogo, akapanda baiskeli akaenda zake.

Tangu siku hiyo dereva aliingiwa na woga wa vitu. Vitu vya kawaida tu, vya nyumbani. Mkewe akitoka, alijifungia chumbani na kuanza kuvitaja kimoja kimoja kwa kunong'ona. Mlango. Dirisha. Pazia. Mto. Vilikuja vyote, kama watoto wanaoitwa majina darasani, na kila kilichoitika kilimpunguzia mzigo kifuani. Sanduku. Kioo. Alikaribia kujicheka. Kisha akainua macho kwenye picha iliyotundikwa ukutani, yeye na mkewe wakiwa vijana, nguo nyeupe, maua, shemeji akiwa bado mtoto amekaa chini mbele yao na soksi moja imemshuka. Akasema, "Mazishi."

Safari hii alijisikia. Akasimama tuli, akajaribu tena polepole, kama mtu anayevuka mtaro juu ya ubao mwembamba. Alijua picha ile ni ya nini. Angeweza kuisimulia siku yote: nani alichelewa, mvua ilivyoharibu viatu vya bibi, mjomba gani alihutubia mpaka watu wakaanza kula kabla hajamaliza. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa jina lake. Alipolinyooshea mkono, lile jingine liliruka mbele na kulikalia mlango.

"Mazishi," kilisema kinywa chake. "Mazishi yetu."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kapu. Dereva hakujua amekuwa hapo tangu lini. Akamwambia kwamba anajisomea, kuna mtihani kazini. Mkewe aliitazama ile picha, akamtazama yeye, akalishusha kapu polepole kama lina mayai, na hata mayai halikuwa nayo.

"Uniambie mimi, ama umwambie Mungu," alisema. "Lakini usiziambie kuta, mume wangu. Kuta hazijawahi kumsaidia mtu."

Hakumwambia. Alichoogopa alikijua vizuri, na hakikuwa kifo. Aliogopa kushushwa kwenye kiti. Dereva akishushwa kwa ajili ya kichwa chake hapandi tena. Hupewa kazi ya kufungua na kufunga geti la karakana, na wenzake wakipita humpungia mkono kwa huruma, na baada ya muda hata huruma huisha. Kiti kile kilikuwa na foronya aliyoshonewa na mkewe. Kilikuwa kimeshika umbo la mwili wake. Nyumbani alikuwa baba na mume kama wanaume wengine wote mtaani, lakini pale juu, asubuhi, reli zikinyooka mbele yake zikimeta, alikuwa mtu anayejua hasa anachokifanya.

Ila hofu ilimtoa kitandani kesho yake ikampeleka hospitali.

Daktari alimpima shinikizo la damu, akamwambia anyooshe mikono, afumbe macho, atabasamu. Akaandika apigwe picha ya kichwa, na siku ya picha ilikuwa mwezi ujao kwa sababu mashine ilikuwa moja na vichwa vilikuwa vingi. Wakati wa kusubiri, akamtuma chumba cha pili kwa mtaalamu wa tiba ya usemi.

Alikuwa binti wa umri wa watoto wake, ametoka chuoni juzi tu, koti lake jeupe bado lina mikunjo ya dukani. Alimwita mzee wangu, akamvutia kiti yeye mwenyewe, akafunga dirisha ili kelele za nje zisiwasumbue. Mezani alikuwa na kadi zenye picha. Kazi ilikuwa nyepesi, alisema, hata mtoto wa chekechea angeona anadharauliwa: yeye atafunua kadi, mzee atataja anachokiona.

Kikombe. Nyundo. Kuku. Ngazi. Dereva alianza kupumua. Alitania kwamba kuku yule amekonda, atakuwa kuku wa hospitali. Binti akacheka kwa dhati, akafunua kadi nyingine.

"Ufunguo," dereva alisema.

Binti hakufunua nyingine. Alimwuliza kwa upole kitu kile kina kazi gani.

"Unafungia mlango. Unakiingiza kwenye pete hizi, unakibana hivi, kinalia ka." Mikono yake ilikuwa inafanya hivyo hivyo hewani, sawasawa kabisa.

"Sawa kabisa. Na kinaitwaje?"

"Ufunguo." Alijisikia, akatikisa kichwa. "Hapana. Ufunguo. Hapana, binti yangu, najua, najua ni..." Jasho lilimtoka kwenye mstari wa nywele. Kufuli lilikuwa limechorwa pale mbele yake, limenona, lina kutu kidogo, na yeye alikuwa anamiliki matatu nyumbani.

Binti aliigeuza kadi kifudifudi ili isimtazame. Kisha alifanya jambo ambalo dereva hakulitarajia: akamweleza yote, bila kumficha, kama mtu mzima anavyomweleza mtu mzima mwenzake. Alisema watu hudhani kutaja kitu ni jambo moja. Ni safari yenye vituo. Kwanza jicho linaona mistari na rangi. Halafu akili inakitambua, hiki ni kile cha kufungia mlango. Hapo bado hakuna neno. Neno lazima liende kuchotwa, kisha lipangiwe sauti zake moja baada ya nyingine, kisha midomo na ulimi vipewe amri. Yote hayo hutendeka kwa muda mfupi kuliko pumzi moja, ndiyo maana hakuna anayeyashukuru.

"Sasa pale kwenye kuchota," alisema, "neno halikai peke yake. Linakaa mtaa mmoja na jamaa zake. Kufuli yuko na ufunguo, mlango, bawaba. Ukimwita mmoja, majirani wote wanainua vichwa. Kwa kawaida uliyemwita ndiye anayesimama kwa nguvu, wengine wanakaa. Kwako wewe mzee wangu, macho ni mazima na akili inatambua. Kinacholegea ni huyo wa kuwaambia majirani wakae."

"Kwa nini amelegea?"

"Sijui bado. Inaweza kuwa mshipa mdogo umeziba kidogo. Inaweza kuwa kitu kingine. Picha ndiyo itasema, nami sitakudanganya nikuambie ni uchovu."

Dereva alitazama mikono yake. Akamwuliza kama mkono nao unaweza kuchanganyikiwa. Binti alifikiri. Akasema mkono una njia yake. Ukigusa moto unajiondoa kabla hujasema moto.

"Shida ni kwamba watu wengine hawauoni mkono wako," aliongeza. "Wao wanafuata neno lako."

Aliyasema hivyo tu, bila kujua, lakini dereva alihisi kama binti yule amechungulia ndani ya kichwa cha treni na kuviona viti vyote viwili. Alipoulizwa anafanya kazi gani, alisema reli. Ofisini? Kichwa chake kikaitikia ndiyo. Mdomo hata haukuhusika.

Kabla hajaondoka, binti alimwomba ahadi moja, akasema ni ndogo. Wagonjwa wengi, alisema, neno likiwakataa huona aibu, hujificha nyuma ya hiki na kile na nanihii, na mwisho huacha kusema kabisa. Kwa hiyo asifiche. Popote neno litakapomkatalia, amwambie aliye karibu naye, kwa maneno haya haya matatu asiyahangaikie: neno limenikwama, basi.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, mzee wangu. Utaniahidi?"

Alikuwa na macho ya mtu anayeamini kwamba akiahidiwa jambo, jambo hilo limekwishatendeka. Dereva akaahidi. Ilikuwa rahisi kuliko kumvunja moyo.

Hakuitimiza. Nyumbani alisema nipe kile, nisogezee hicho, na mkewe akampa na kumsogezea, na usoni mwake hofu ilikuwa inakua kimya kimya kama unga unaoumuka. Kazini alitafuta ujanja. Alimwambia shemeji kwamba kuanzia sasa yeye ndiye atakayetaja ishara kwanza, na dereva atarudia, ili azoee. Shemeji alisema heri umechoka kupiga kelele shemeji, nilidhani utafia na hizo rangi mdomoni. Mambo yakaenda. Shemeji alitazama na kusema, dereva alitazama na kurudia, na neno lililokwisha kusemwa na mwingine lilimjia kwa urahisi, kama maji yanayofuata mfereji uliochimbwa tayari. Mkono wake ulifanya kazi yake. Alianza kuamini kwamba ataweza kwenda hivi hadi siku ya picha, na labda hata baada ya hapo.

Kisha mkuu wa karakana akamwita shemeji na kumpa habari aliyoisubiri kwa miaka: aanze kuendesha treni ya abiria chini ya uangalizi, ili apate leseni kamili. Shemeji alirudi anacheza kwa mabega. Alimkumbatia dereva mbele ya watu, akasema huyu ndiye aliyenifunza, huyu ndiye mwalimu wangu. Dada yake alimshonea shati jipya siku hiyo hiyo.

Dereva alitafuta namna ya kukataa, hakuiona. Kila sababu aliyoifikiria ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, na mlango huo ulielekea getini kwenye karakana.

Asubuhi ya safari shemeji alikaa kwenye kiti chenye foronya. Dereva akakaa kushoto. Kulikuwa na jua safi, na mabehewa yalijaa. Njia ya kwenda ilikuwa nyoofu sehemu kubwa, na kila ishara shemeji aliiona mwenyewe kabla hajaambiwa. Aliendesha vizuri. Mkono wake ulikuwa mwepesi kidogo kwenye breki, kosa la vijana, lakini alikuwa anasikiliza injini, na hilo halifundishwi. Dereva alisema rangi zilipokuja. Kila moja alipoitaja aliisikiliza kwanza masikioni mwake, kama mtu anayeonja supu aliyoambiwa ina sumu. Kijani, na ilikuwa kijani. Manjano, na ilikuwa manjano.

Kona ilikuwa imebaki.

Safari ya kwenda, kabla ya stesheni ya konani, njia huzunguka kilima kilicho upande wa kulia. Aliyekaa kulia, kwenye kiti cha dereva, haoni kitu isipokuwa ukuta wa mawe hadi treni imekaribia kabisa. Ishara huonekana kutoka kiti cha kushoto tu. Kila dereva wa njia ile, awe hodari vipi, hapo huendesha kwa mdomo wa mwenzake. Ndiyo sehemu moja ambapo macho manne hubaki mawili.

Waliingia konani. Shemeji alisema, bila kugeuka, "Niambie, shemeji."

Dereva aliiona. Taa ilikuwa juu ya mlingoti wake, nyekundu, tulivu. Mbele yake zaidi, stesheni ilipoanzia, kiberenge, kigari cha reli cha mafundi wa njia, kilikuwa kimesimama relini, na wanaume kadhaa walikuwa wanapakia mataruma ya kulazia reli. Mmoja alikuwa amekaa kwenye reli yenyewe, anakula, mgongo ameuelekeza kwa treni.

Aliona kila kitu. Alitambua kila kitu. Akafungua mdomo.

"Kijani."

"Kijani," shemeji alijibu, na mkono wake ukasukuma mwendo mbele.

Injini ilinguruma. Dereva akavuta pumzi na kulifuata lile neno kwa nguvu zote, lilikuwa pale, alilijua lina urefu gani, na mdomo ukasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, sauti ya mtu anayepiga mbiu ya hatari: "Kijani! Kijani!"

"Nimesikia, shemeji," alisema kijana, akicheka. "Mbona unanipigia kelele?"

Mtu aliyekuwa anakula aligeuka. Akaiona treni. Akainua mkono kana kwamba anasalimia, kisha mkono ule ukabaki hewani.

Ndipo dereva alipoacha kulitafuta neno. Upande wa kushoto, chini ya dirisha, kulikuwa na mkono mwekundu wa breki ya dharura, ambao hakuna aliyekuwa ameuvuta kwa miaka. Aliushika kwa mikono yote miwili akauvuta mpaka mwisho.

Chuma kilipiga yowe. Mabehewa yalisukumana moja baada ya jingine, na kutoka nyuma kulikuja kishindo cha mizigo inayoanguka na sauti za watu. Shemeji alijigonga kifua kwenye meza ya vipimo. Harufu ya chuma kilichoungua ikajaa. Treni iliteleza, ikateleza, ikasimama chini ya mlingoti wa ishara, na mbele yao wanaume walikuwa wamekwisha kuruka kila mmoja upande wake, na kiberenge kilikuwa peke yake relini, na chakula cha yule mtu kimemwagika kwenye kokoto.

Hakuna aliyeumia zaidi ya michubuko. Hilo walilijua baadaye. Wakati huo kulikuwa na moshi, na shemeji anayegeuka polepole.

"Umesema kijani," alisema.

Dereva alinyoosha kidole juu. Kutoka pale walipokuwa sasa, taa ilionekana hata kutoka kiti cha kulia. Shemeji aliitazama. Akatazama kiberenge. Rangi ikamtoka usoni. Alikuwa na akili, na ndani ya muda mfupi dereva aliona ameyaunganisha yote, ule ujanja wa kutaja kwanza, ule ukimya mezani, macho ya dada yake.

Redio ikakohoa. Ilikuwa sauti ileile nyembamba, lakini sasa imevaa ukali wa kazi, maana njia nzima ilikuwa inasikiliza: madereva wengine, chumba cha uongozaji, mkuu wa karakana. Ilimtaka dereva wa treni ya abiria aeleze kwa nini breki ya dharura imevutwa.

Shemeji aliidaka redio kabla dereva hajaifikia. Hakubonyeza. Aliiziba kwa kiganja, akainama, akaongea haraka haraka.

"Sema breki imejishika yenyewe. Breki hizi za zamani, kila mtu anajua. Mimi nitaapa na wewe. Hakuna aliyekufa, shemeji. Sema breki, kisha tutafute daktari taratibu, nyumbani, kama familia. Ukisema jingine hukai hapa tena. Unanielewa? Hukai tena."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Alikuwa yuleyule mtoto wa soksi moja, na alikuwa tayari kusema uongo mbele ya reli nzima kwa ajili yake. Dereva alimshika bega. Akatazama kile kiti, foronya yake, pembe moja iliyoanza kufumuka ambayo mkewe alisema ataishona mwishoni mwa wiki. Ilikuwa kweli, asingekaa hapo tena. Breki, neno rahisi, lilikuwa limekaa tayari ulimini, na hilo lisingemkwama hata kidogo.

Alinyoosha mkono. Shemeji alimpa redio kama mtu anayetoa kitu chake mwenyewe.

Dereva alibonyeza. Aliogopa kuliko alivyoogopa konani, maana konani hofu ilikuwa na kitu cha kuvuta. Alitaja namba ya treni. Akasema breki ameivuta yeye kwa mkono wake, mwendeshaji hana kosa, mwendeshaji alifuata alichoambiwa. Akaendelea, akichagua njia kama mtu anayetembea gizani:

"Taa ilikuwa kijani."

Alijisikia. Shemeji alifumba macho. Mahali fulani kwenye njia ile, watu waliokuwa wanasikiliza walikuwa wameanza kudhani dereva mzee analewa kazini, au anaongopa, na kidole chake bado kilikuwa kwenye kitufe, na angeweza kukiachia.

"Hapana," alisema. "Sikuiona hivyo. Niliona sawasawa." Akaacha kuitafuta rangi. "Neno limenikwama. Si mara ya kwanza. Neno limenikwama."

Kisha ile sauti nyembamba ikajibu kwamba imepokelewa, kwamba treni ibaki ilipo, kwamba dereva mwingine anatumwa. Haikumtakia safari njema.

Dereva aliitundika redio mahali pake. Akamwambia shemeji ashuke akawatazame abiria, aanze na behewa la nyuma, ndilo lenye watoto wengi.